Swali Lenye Majibu Mawili

Kijana mmoja wa Nyamira, mtoto wa mkulima wa chai, niliyemfundisha lugha ya Java kwa mihula minne, alikuja ofisini kwangu mjini Kisii siku tatu baada ya kushindwa, kwa upungufu wa swali moja tu, mtihani wa cheti cha uprogramu aliousafiria usiku kucha hadi Nairobi, na baada ya maamkizi na kimya kirefu akaniambia, "Mwalimu, lilikuwamo swali lenye majibu mawili sahihi, nami sijui wao walilitaka lipi." Nilipomwomba anieleze jinsi swali hilo lilivyoandikwa, ili tulipime pamoja kama tulivyozoea kuyapima mengine, alitikisa kichwa, kwa sababu kabla ya kuoneshwa swali la kwanza alikuwa ameridhia kwa saini sharti la kutolitoa nje swali lolote, na kwa kuwa amelelewa katika nyumba inayoheshimu ahadi, hakuwa tayari kuivunja hata mbele ya mwalimu wake. Basi tukaketi, yeye akiwa na swali asiloweza kulitamka, nami nikiwa na elimu nisiyoweza kumfaa kwayo, mpaka saa ya kipindi changu kingine ikawadia.

Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi tangu siku ile, na rai niliyoifikia, ambayo nataka kuithibitisha katika safu hii, ni kwamba swali tata katika mtihani wa kuchagua ni dhuluma yenye mwelekeo wake maalumu: humnyima mjuzi haki yake, humwacha asiyejua pale pale alipokuwa, na humlipa yule aliyepata ufunguo wa majibu kwa njia ya haramu. Watu wengi hudhani kwamba hasara ya swali la namna hiyo huwaangukia watahiniwa wote sawasawa, kama mvua ya alasiri ya milima ya Manga inayomnyea kila aliye njiani. Sivyo.

Mtihani ni kipimo. Katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii mahindi na maharagwe hupimwa kwa gorogoro, mkebe wa takriban kilo mbili, na kila mnunuzi mzoefu huugeuza mkebe huo kwanza autazame kitako, kwa kuwa kitako kilichobonyezwa kuingia ndani hupunguza nafaka bila mkono wa muuzaji kuonekana ukipunguza. Kenya ina Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, na ina wakaguzi wa kuipiga muhuri mizani ya wafanyabiashara. Walakini kipimo hiki kingine, kinachoamua ni nani atakayeitwa kazini na nani atakayerejea nyumbani mikono mitupu baada ya kulipa ada ya dola, hakina mkaguzi wa umma wa kukipindua, na yule anayepimwa ndiye aliyekatazwa zaidi ya wote kukitazama kitako.

Wala sisi si wageni wa mtihani wa herufi nne. Tangu KCPE ya kwanza ya mwaka 1985 hadi ile ya mwisho ya mwaka 2023, kila mtoto wa Kenya aliyemaliza darasa la nane alitia kistari cha penseli ya HB juu ya A, B, C au D; katika miaka ya mwisho ya mtihani huo yalikuwa maswali 50 ya Hisabati, 50 ya Sayansi, 50 ya Kiingereza na 50 ya Kiswahili mbali na insha, na 90 ya Masomo ya Jamii na Dini, kisha karatasi zake zikasomwa na mashine. Asili ya desturi hiyo ni Marekani, ambako Frederick Kelly wa Kansas alitunga mtihani wake wa kusoma wa namna hii zaidi ya karne moja iliyopita, na ambako kampuni ya IBM ilitoa mashine yake ya kusahihisha mwaka 1938. Fadhila za mashine ni bayana, kwa maana haichoki, haiulizi mtahiniwa ni mtoto wa nani, wala haikasirishwi na mwandiko mbaya; lakini msahihishaji wa insha akikutana na jawabu asilolitarajia huweza kusita, akamwita mwenzake, wakalijadili kama lina hoja, ilhali mashine haina kusita, na kosa la mtungaji likishaingia ndani yake hutoka upande wa pili likiwa hukumu.

Mtu angetaraji kwamba katika fani ya tarakilishi, ambayo chombo chake hakivumilii hata nukta iliyokaa mahali pasipo pake, utata ungekuwa haba kuliko katika fasihi au historia. Mambo yalivyo ni kinyume. Sentensi ya programu hupata maana yake kamili pale tu inapojulikana lugha ni ipi, toleo lake ni la mwaka gani, kompaila ni ya nani na mashine ni ya biti ngapi. Na mtungaji wa swali, aliyezoea mazingira yake mwenyewe hata hayaoni tena, huyaacha hayo yote nje ya swali kana kwamba ni ya ulimwengu mzima. Nami nasema haya kwa kuungama, kwa sababu katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliuliza darasani kwamba, katika lugha ya C, namba ya aina ya int huchukua baiti ngapi, nikaweka majibu 1, 2, 4 na 8, na katika mwongozo wangu wa kusahihisha nikaandika 2, kwa kuwa kitabu nilichosomea mimi kiliandikwa kwa ajili ya Turbo C ya kampuni ya Borland, iliyotoka mwaka 1987 kwa ajili ya tarakilishi za DOS. Msichana mmoja wa darasa hilo alikuja siku ya pili na kipakatalishi chake, akaandika mistari mitano, akaiendesha mbele ya macho yangu, na jawabu likatoka 4. Hakuwa mkaidi wala hakunikosea adabu. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, kwa nini mashine yake inanikataa. Ukweli ni kwamba kiwango cha kimataifa cha lugha ya C kinadai int isipungue biti 16 na hakidai zaidi ya hapo, kwa hiyo 2 ni sahihi kwenye mashine moja na 4 ni sahihi kwenye nyingine, na swali langu halikuwa limetaja mashine yoyote. Nilimpa alama yake, na wenzake wote waliochagua 4 nikawapa zao. Iliwezekana kwa sababu karatasi ilikuwa mikononi mwake na mlango wa ofisi ulikuwa wazi.

Lipo lililo baya zaidi kuliko hilo, nalo hupendwa mno na watungaji wa mitihani ya C katika vyuo vyetu: kigeu i kina thamani 5, na mtahiniwa anatakiwa aseme kitachapishwa nini iwapo i++ imeandikwa mara mbili ndani ya agizo moja la printf. Majibu huwa 5 na 6, au 6 na 5, au 5 na 5, na la nne husema kwamba kuna kosa la sarufi. Kiwango cha lugha hiyo kimekataa kabisa kulitolea hukumu jambo hilo. Kinasema tabia yake haina ufafanuzi, na kila kompaila iko huru kufanya itakavyo, leo hivi na kesho vile. Mwanafunzi aliyekisoma kiwango hicho huyatazama majibu manne na hakuna lililo lake, akaanza kujiuliza mtungaji alitumia kompaila gani na siku gani. Asiyekisoma huchagua moja kwa amani na kwenda zake. Huo ndio mwelekeo niliousema, kwamba elimu ya ziada, badala ya kumsogeza mtahiniwa karibu na jawabu, humwongezea shaka na kumlia dakika.

Katika Java yapo ya namna yake. Huulizwa: sentensi isemayo String s = new String("chai") huumba vitu vingapi? Neno lililo ndani ya alama za mtajo huhifadhiwa katika ghala moja la maneno linalotumiwa na programu nzima, na agizo la new huumba kitu kingine kipya nje ya ghala hilo. Kwa hiyo ikiwa neno "chai" lilikwisha kutumiwa mahali pengine, kilichoumbwa sasa ni kimoja, na ikiwa hapa ndipo linapotajwa kwa mara ya kwanza, wapo watakaosema viwili, nao wana hoja. Jawabu la haki huanza na neno "inategemea", na neno hilo aghalabu halimo miongoni mwa majibu manne. Sitakawia juu ya mengine, kama baki ya -7 ikigawanywa kwa 3, ambayo Java huita -1 na Python huita 2. Au 5 ikigawanywa kwa 2, ambayo Python ya zamani ilijibu 2 na Python ya tatu, iliyotoka mwaka 2008, hujibu 2.5, au lile dai kwamba njia za interface haziwezi kuwa na mwili, lililokuwa kweli tupu mpaka Java 8 ilipotoka mwaka 2014, na ambalo bado limo katika madaftari ya vyuoni kana kwamba mwaka huo haujafika.

Huenda msomaji akasema kwamba maswali machache mabaya hayawezi kumwangusha mtu aliyejiandaa. Na tuhesabu. Mtihani wa PCEP wa lugha ya Python una maswali 30, na alama ya kupita ni asilimia 70, yaani 21. Tuseme, kwa kukadiria tu na bila ya kuutuhumu mtihani huo, kwamba maswali matatu kati ya 30 ni tata, kila moja likiwa na majibu mawili yanayoweza kutetewa, na kwamba kijana mmoja amejibu sawasawa maswali 19 katika yale 27 yaliyo safi. Kumi na tisa katika 27 ni zaidi ya asilimia 70, kwa hiyo katika kila kitu kilichoulizwa kwa insafu kijana huyu amepita. Lakini ili cheti kimfikie anahitaji apatie mawili katika yale matatu, na kwa kuwa kila moja kwake ni kama shilingi iliyorushwa juu, nafasi yake ya kupita ni nusu kwa nusu. Elimu ya miezi mingi huishia hapo, katika kurusha shilingi, na kurusha kwenyewe hakupatikani bure: mtihani wa CCNA wa Cisco, ambao vijana wetu wengi wa mitandao huutamani, ada yake ni dola 300 za Marekani, na ukishindwa huzilipa upya.

Sasa mtazame mtahiniwa wa pili. Huyu hakusoma, alinunua maswali yaliyovujishwa, yakiwa na herufi za majibu yake, na akayahifadhi kama mtoto anavyohifadhi wimbo. Katika swali safi, aliyesoma na aliyeiba huweza kukutana, kwa maana jawabu la elimu na jawabu la wizi ni herufi moja. Lakini katika swali tata, ambalo elimu haiwezi kulitatua, ni huyu wa pili peke yake mwenye uhakika, kwa sababu hana haja ya kujua lipi ni sahihi. Anajua lipi lilitakiwa. Mtoaji wa cheti anayevumilia utata katika hazina yake ya maswali huwa amefungua duka kwa ajili ya wezi wa hazina hiyo hiyo, kwani mwanafunzi mwaminifu akishadhulumiwa mara mbili, na mara mbili ada yake ikaenda na maji, atakuja jirani atakayemnong'oneza kwamba ufunguo unauzwa, na siku hiyo itahitaji imani kubwa kumkataa.

Yako madhara ya ndani zaidi, na hapa nawaomba walimu wenzangu wanivumilie. Wataalamu wa mitihani wana njia ya kale na nyepesi ya kulinasa swali baya: huwapanga watahiniwa kwa jumla ya alama zao, huchukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, kadiri iliyopendekezwa na Truman Kelley mwaka 1939, kisha hutazama katika kila swali ni wangapi wa kundi hili na wangapi wa kundi lile walioliweza. Swali likiwashinda wa juu na wa chini wakaliweza, basi hatia ni ya swali, nalo huondolewa. Kwa darasa la wanafunzi 40 makundi hayo ni ya watu 11 kila moja, na mwalimu aweza kuimaliza kazi yote kwa kalamu na taa ya mezani katika usiku mmoja. Lakini maswali yakishavuja, waliokariri ufunguo ndio wanaopanda juu ya orodha, na katika swali tata wote kwa pamoja huchagua herufi iliyotakiwa, ilhali waaminifu waliogawanyika baina ya majibu mawili hubaki chini. Na hesabu ile ile iliyowekwa ili kulifichua swali baya hulitolea ushahidi kwamba ni swali zuri kuliko yote, linalowatenga barabara wajuzi na wajinga. Kipimo huwa kimepimwa kwa kitako chake chenyewe kilichobonyea.

Watetezi wa usiri wana hoja, na ni wajibu kuisikiliza. Kutunga swali moja zuri, kulijaribu na kulihariri ni kazi ya gharama, na hazina ikitolewa nje kila mwaka, mtoaji wa cheti angelazimika kuanza upya kila mwaka. Nakubali. Hata hivyo ipo nafasi kubwa kati ya kuitoa hazina yote na kuyafungia hata maswali yaliyokwisha kustaafishwa. Na kwamba njia ya kati yawezekana hushuhudiwa na Microsoft, ambayo imekuwa na utaratibu wa mtahiniwa kulipinga swali analoliona na kasoro, na ambayo humruhusu mtu ambaye lugha yake haimo miongoni mwa lugha za mtihani aombe dakika 30 za ziada. Dakika hizo si haba kwa kijana aliyeanza na Ekegusii kifuani mwa mama, akakutana na Kiswahili sokoni, kisha Kiingereza shuleni. Ingawa hakuna dakika zinazoweza kulitenga jawabu moja sahihi na jingine sahihi.

Na linalonisikitisha ni kwamba nchi hii iliwahi kuijua njia iliyo bora. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira, mapato na usawa nchini Kenya, na miongoni mwa mambo iliyoyakosoa ulikuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi wa zama hizo, CPE. Katika miaka iliyofuata mtafiti Anthony Somerset pamoja na wenzake waliyachambua majibu ya watoto swali kwa swali, na hawakutosheka kujua nani amepata na nani amekosa. Walitaka kujua waliokosa walichagua herufi ipi, na ni fikra gani iliyowafikisha hapo, kwa kuwa watoto wengi wanapoliacha jawabu sahihi na kulikimbilia moja lisilo sahihi, yamkini walimu hawakulifundisha jambo hilo vizuri, na yamkini pia maneno ya swali yenyewe ndiyo yaliyowapotosha. Kisha habari hizo zikachapishwa katika jarida na kupelekwa mashuleni, mpaka mwalimu wa kijijini aliyekuwa hajapata kumwona mtungaji wa mtihani akaweza kujua mtungaji aliwaza nini na watoto walielewa nini. Baraza la Mitihani la Kenya, lililoundwa mwaka 1980, limeendelea kutoa ripoti za kuyachambua majibu ya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari, na katika somo la Kompyuta la mtihani huo imo karatasi ya vitendo, ambamo mtahiniwa huketi mbele ya mashine na kazi yake huonekana kwa macho. Tulikuwa na mwanga huu tangu nusu karne iliyopita kwa ajili ya watoto wa miaka 13. Sioni kwa nini mtu mzima anayelipa dola 300 apewe giza.

Makampuni ya ng'ambo yako mbali, na safu hii huenda isiyafikie. Lakini Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko hapa, na taasisi za ufundi za kaunti zetu mbili ziko hapa, na katika kila moja yapo majaribio ya kuchagua yanayotungwa usiku wa manane na kupigwa chapa asubuhi. Nawaombeni, walimu wenzangu wa Kisii, Nyamira, Keroka na Ogembo, kila swali la programu litaje lugha na toleo lake. Kila mstari wa msimbo uendeshwe kwenye mashine kabla haujafika kwenye karatasi. Na karatasi nzima ijibiwe kwanza na mwalimu mwingine ambaye hajauona ufunguo, na popote atakapotofautiana na mtungaji, swali hilo liandikwe upya au lifutwe. Baada ya mtihani, maswali na majibu yabandikwe ukutani, na ziwepo siku saba za mwanafunzi yeyote kuja na hoja yake bila ya kuogopa. Nanyi watahiniwa mnaokwenda Nairobi au Kisumu kutafuta vyeti vya ng'ambo, iwapo mtihani wenu unatoa nafasi ya kuandika maoni juu ya swali, iandikeni hoja yenu humo kabla hamjatoka, kwa maana hapo hamtakuwa mmevunja ahadi yoyote.

Kijana wa Nyamira aliurudia mtihani wake baada ya miezi mitatu, akaupita. Aliniambia kwamba swali lile lilikuwamo tena, kwa maneno yale yale, na kwamba safari hii alilichagua jawabu lile jingine. Na mpaka leo hajui ni lipi lililohesabiwa kuwa sahihi.